Mvi za Darasa la Tatu

Jumapili saa kumi jioni, kama Jumapili zote, Lea alimkalisha binti yake Evelina kwenye kigoda uani, akampaka povu la sabuni ya mche kichwani, akaanza kumnyoa. Shule haikutaka nywele. Mwanafunzi ambaye nywele zake zilishikika kwa vidole alirudishwa nyumbani Jumatatu, tena baada ya viboko, kwa hiyo katika nyumba ile wembe ulikuwa muhimu kuliko chumvi. Lea alianzia kisogoni akaja mbele, akifuta wembe kwenye kanga kuukuu aliyoitandika mapajani. Alipofika juu ya sikio la kushoto aliona kwamba si povu peke yake lililokuwa jeupe. Alizitenga mvi kwa ncha ya wembe akazihesabu, zikawa kumi na nne. Evelina alikuwa na miaka tisa na alikuwa darasa la tatu.

"Kaa sawa," Lea alisema, akaendelea kunyoa.

Hakuwa na haja ya kwenda kwa mganga kuuliza zimetoka wapi. Miezi mitatu nyuma, katika kipindi cha hesabu, Mwalimu Ulimboka aliandika ubaoni kwamba mia tatu na sita ukigawanya kwa tatu unapata kumi na mbili. Evelina alinyoosha mkono, akasema ni mia moja na mbili. Siku nyingine angechapwa kwa kimbelembele hicho, lakini siku ile mwalimu alikuwa na haraka. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Mshahara ulikuwa unakwisha kabla ya kufika, kila mtumishi ameambiwa ajitafutie, na Mwalimu Ulimboka alikuwa amejitafutia kuku wa kisasa mia mbili nyuma ya nyumba za walimu. Vifaranga walikuwa hawajapata maji tangu asubuhi.

"Kama unajua kuliko mimi," alimwambia, "njoo ufundishe wewe."

Alidhani mtoto atalia. Mtoto alichukua chaki, akafuta jibu, akaanza upya, polepole, akieleza kila hatua, na hata wale wa mwisho kule nyuma waliokaa juu ya matofali wakaelewa. Mwalimu Ulimboka alisimama mlangoni kidogo, akasikiliza, akaridhika, akaenda kwa kuku wake. Kesho yake alimpa chaki kabla hajaulizwa kitu. Wiki iliyofuata jambo hilo lilikuwa limekwisha ingia kwenye ratiba. Hakuna anayesema mwalimu asile, lakini kuku wale walinyweshwa kwa wakati miaka mitano mfululizo, na aliyelipia maji yao alikuwa mtoto wa mtu.

Lea alikuwa kibarua katika shamba la zabibu la tajiri mmoja hapo Mkonze, na mume wake Gerson alikuwa Chemba, akizunguka minada ya mbuzi na ng'ombe, akirudi mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo kazi ya kuangalia ilikuwa ya Lea peke yake. Aliangalia, na kufikia mwisho wa muhula akawa ameshaelewa. Kila siku aliyosimama Evelina ubaoni ilimla karibu mwezi mzima. Likizo haikumla kitu. Siku ambazo angekaa kwenye dawati na kufundishwa zingeweza kumrudishia kidogo, pengine, lakini siku za namna hiyo hazikuwepo, kwa sababu hapakuwa na kitu katika darasa lile ambacho hakukijua.

Hakurefuka kuliko wenzake. Alibaki na kimo cha mtoto, sketi ya bluu na shati jeupe, ila mikono ilikunjamana, magego mawili yakang'oka, na goti la kulia likaanza kutabiri mvua, kazi isiyo na mengi Dodoma. Wakati wa mapumziko aliruka kamba na wenzake. Aliruka mara tatu, akakaa.

Wa kwanza kumwamkia alikuwa Erica, binti wa Mwalimu Mkuu Bartolomayo, aliyekuwa akikaa naye dawati moja. Asubuhi moja darasa la nne, Evelina alipogeuka kutoka ubaoni, Erica akajikuta amesema, "Shikamoo." Evelina akajibu, "Marahaba," pasipo kufikiri, kama mtu anavyofukuza inzi. Baada ya hapo wakamwamkia wote. Walipofika darasa la tano hata walimu walimwamkia. Nchi hii mtu haulizwi amezeekaje. Ukiona mvi, unaamkia, unapita zako. Mwalimu Ulimboka alikuwa akimkabidhi chaki kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kisha anakwenda kuuza mayai. Heshima hiyo ilikuwa ujira wake wote.

Nyumbani mambo yalibaki yalivyokuwa. Evelina aliamka, akachuchumaa mbele ya mama yake, akasema, "Shikamoo mama." Lea akajibu, "Marahaba." Alijua hilo ndilo jambo pekee ambalo shule haijalichukua, akalishika kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo.

Watu hawakumwacha alishike kwa amani. Kisimani, jirani yake Tabu alimwambia mbele ya wanawake wote kwamba hana adabu, anamtuma maji bibi kizee. Wengine hawakusema mbele yake, walisema nyuma. Macho ya Evelina yalikuwa mekundu kwa vumbi la chaki, na bibi kizee mwenye macho mekundu anajulikana anaitwaje. Wakamkataza asishike watoto wao wachanga. Asubuhi moja Lea alikuta mtu amewamwagia maji ya kuoshea samaki mlangoni. Watoto wa watu hao hao walikuwa wanajua kugawanya kwa sababu ya macho yale mekundu. Ama kweli, shukrani ya punda ni mateke.

Evelina alipokuwa darasa la tano, Lea alifunga kitenge chake cha kanisani, akaenda kumwona Mwalimu Mkuu. Alikaa kwenye benchi mpaka alipoitwa. Alisema aliyokuwa ameyapanga njia nzima: kwamba mtoto huyu anajua ya darasa la saba, kwamba wampandishe, au kama haiwezekani wamtafutie mtu wa kumfundisha asichokijua, hata saa moja kwa wiki, kwa maana anakwisha.

Mwalimu Bartolomayo alimsikiliza vizuri. Alikuwa mtu wa taratibu.

"Mama Evelina," alisema, "asiyejua tuna fomu yake, anakariri darasa. Anayejua hana fomu. Kila mtoto na mwaka wake, hiyo ndiyo sheria."

"Sasa anayejua mnamfanyia nini?"

"Tunakilea kipaji chake. Niambie shule gani nyingine imempa mtoto chaki."

Wakati huo Evelina alipita nje ya dirisha, amebeba rundo la madaftari aliyokuwa ameyasahihisha. Mwalimu Mkuu alinyanyuka kwenye kiti, akamwamkia kupitia nondo za dirisha, akakaa tena, akamwambia Lea kwamba mazungumzo yamekwisha.

Mwezi uliofuata alikuja mkaguzi wa elimu, Bi Joha, na Landrova ya serikali. Lea alipata habari, akaomba ruhusa shambani kwa kusingizia tumbo, akasimama chini ya dirisha la darasa la tano. Alikuwa na matumaini. Mkaguzi ni mtu wa kuuliza maswali. Ndiyo kazi yake. Bi Joha aliingia, akamwona kikongwe mfupi mwenye sketi ya shule anafundisha hesabu za sehemu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu," alisema Evelina. Alikuwa na miaka kumi na moja.

Yakaishia hapo. Mtu ukishamwamkia, huwezi tena kumuuliza kwa nini hana viatu, ana umri gani, na nani amemweka pale. Bi Joha alikaa nyuma, akasikiliza kipindi kizima, akaona ni kipindi kizuri kuliko vyote alivyovisikia mwaka ule. Katika ripoti yake aliandika kwamba shule ina mwalimu mzoefu wa hisabati, mwenye moyo wa kujitolea, na akashauri aongezewe vipindi. Wakamwongezea darasa la sita, alasiri.

Basi Lea akamficha. Alimwambia alale ndani, ajifunike, asitoke. Siku ya kwanza na ya pili zilipita. Siku ya tatu wakaja mgambo wawili na karatasi ya utoro. Walimkuta Evelina kwenye kigoda anachambua mlenda, wakavua kofia, wakamwamkia, wakamuuliza mwanafunzi Evelina Gerson yuko wapi. Alisema ni yeye. Wakampongeza kwa ukweli, wakamkamata mama yake. Lea alikaa siku mbili katika chumba cha ofisi ya kata pamoja na magunia ya saruji, kwa kosa la kumnyima mtoto elimu. Kwa mahudhurio Evelina alikuwa mtoto. Kwa kazi alikuwa mtu mzima. Kila upande ulikuwa na sheria yake na zote mbili zilimkuta nyumbani.

Alipotoka, Evelina alikuwa amempikia ugali wa uwele, laini, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na meno ya kutosha. Walikula. Kisha mtoto akasema, "Mama, usinifanye tena mtoro. Imebaki miaka miwili."

"Miaka miwili ya kwako ni mingapi?"

"Sekondari kuna mwalimu wa kila somo," Evelina alisema, kama vile hakusikia. "Mimi nitakaa tu kwenye dawati. Nitasikiliza. Nina swali langu tangu darasa la tatu."

Lea alilijua swali hilo, kwa sababu lilitokea shambani kwake. Kiangazi, wakati mvua ina miezi mitano haijaonekana na udongo umepasuka, wakipogoa mizabibu, pale kwenye jeraha hutoka maji. Yanadondoka siku tatu, nne, safi kabisa. Evelina alitaka kujua maji hayo yanatoka wapi na nani anayasukuma kwenda juu. Alimuuliza Mwalimu Ulimboka. Mwalimu Ulimboka alimjibu kwamba hilo halimo katika muhtasari, akampiga viboko viwili vya kuuliza nje ya somo. Enzi hizo bado alikuwa anapigika.

Tangu siku hiyo Lea hakusema tena habari ya kumtoa shule. Alikuwa na jambo moja tu la kungojea, kwamba mtoto afike sekondari, akae, aulize. Punda afe, mzigo ufike.

Darasa la sita Gerson alirudi kutoka Chemba na beberu. Alipoingia uani alivua kofia, akamwita Lea pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mama yake marehemu amerudi. Lea alimwambia ni Evelina. Gerson alimtazama, akasema sawa, akachinja. Maini, ambayo ni fungu la wazee, alimpa binti yake. Baada ya siku nne akaondoka, na toka hapo alituma salamu badala ya kuja, maana ni vigumu mtu kuwa baba wa mama yake.

Mtihani wa darasa la saba ulikuwa siku mbili, na askari mwenye bunduki mlangoni. Msimamizi aliyetoka shule nyingine alimzuia Evelina, akamwambia kwa upole kwamba bibi za wanafunzi wanangojea nje. Akaonyeshwa jina lake kwenye orodha, akaomba radhi, akamtafutia kiti chenye mgongo. Evelina alivaa miwani aliyopewa na masista wa misheni, akafanya mtihani, akamaliza kabla ya wote. Kwa mazoea alinyanyuka akaanza kupita katikati ya madawati akiangalia kazi za wenzake, mpaka alipoambiwa aketi. Siku ya mahafali shule ilimpa kitenge na kiti cha plastiki. Katika hotuba yake Mwalimu Mkuu alisema shule hii ni kitalu cha vipaji, na watu wakapiga makofi. Aliyewafundisha watoto wote wanaohitimu alikuwa amekaa miongoni mwao, mtoto wa miaka kumi na mitatu, ameegemea fimbo yake.

Desemba matokeo yalibandikwa. Evelina Gerson alikuwa wa kwanza wilaya nzima. Katika safu ya shule aliyochaguliwa palikuwa na mstari mfupi wa wino, na mbele yake neno moja: umri.

Lea alichukua kadi ya kliniki, ile ya kupimia uzito wa mtoto mchanga, akamshika Evelina mkono, wakatembea mpaka mjini kwenye ofisi ya elimu. Evelina alibaki barazani. Karani alikuwa kijana nadhifu, jina lake Cornel. Aliisoma kadi mbele na nyuma. Ilisema 1982. Akachungulia nje, akamwona yule aliyekaa kwenye benchi, akatoka akamwamkia, akarudi.

"Mama," alisema, "kadi inaandikwa na nesi. Mvi zinaandikwa na Mungu."

"Mlimzeesha ninyi," Lea alisema.

Karani hakubisha. Alifungua kabati, akatoa faili, akamsomea ripoti ya Bi Joha: mwalimu mzoefu, mwenye moyo wa kujitolea. Akamwonyesha mahali ambapo mwalimu mkuu ametia sahihi na mahali ambapo muhuri umepigwa. "Nyaraka zetu zote zinakubaliana," alisema. "Isiyokubaliana ni kadi yako." Kisha akaongeza, kwa nia ya kumfariji, kwamba nafasi haikupotea. Amepewa aliyefuata katika shule ile ile, Erica Bartolomayo. Tena kule ni bweni. Nani angethubutu kumtuma bibi kizee kuteka maji?

Lea alikuwa na maneno mengi, na alikuwa na hasira ya kumvunjia mtu kabati. Lakini ofisi nzima ilikuwa imesimama kwa heshima, kwa sababu Evelina alikuwa ameingia kuomba maji ya kunywa. Karani alimmiminia mwenyewe. Evelina alikunywa, akamshukuru, akamwambia mama yake waende.

Januari Erica alikuja kuaga, ameshika kilo ya sukari. Alilia. Alipiga magoti mbele ya kiti cha plastiki na kuomba baraka za safari, kwa kuwa mtu haendi mbali kabla ya kupitia kwa wazee. Walikuwa wamezaliwa mwezi mmoja. Evelina alichukua maji kwenye kata, akamnyunyizia kichwani, akamwombea asome salama. Halafu akamshika mkono.

"Ukifika, muulize mwalimu wa baiolojia. Mzabibu ukikatwa kiangazi, maji yanatoka wapi? Uniandikie."

Erica aliapa, na hakuwa mtu wa kusahau. Barua yake ilifika mwezi wa tano. Aliandika kwamba shule haijapata mwalimu wa baiolojia. Kipindi cha somo hilo yeye ndiye anayewafundisha wenzake, kwa kuwa alikuwa na msingi mzuri. Aliandika pia kwamba amekuwa akiumwa goti. Evelina alisoma barua kwa sauti, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia.

Wiki hiyo hiyo, kisimani, Tabu alikuwa akijisifu. Mtoto wake Elisante, darasa la tatu, alimsahihisha Mwalimu Ulimboka kwenye hesabu ya kuzidisha, na mwalimu hakumpiga, alimpa chaki. Lea alitua ndoo. Alimwambia Tabu amnyoe mtoto mchana, kwenye mwanga, aangalie juu ya sikio la kushoto. Tabu alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Wivu tu, Lea," alisema. "Wako alishindwa kuendelea."

Wanawake wengine wakasogeza ndoo zao mbali na ya Lea. Alijitwisha maji akarudi nyumbani. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa shule, na ulileta sauti ya darasa la tatu likiimba jedwali la saba, likiongozwa na sauti moja nyembamba. Ilikuwa imeanza kukwaruza.

Evelina alikuwa amekwisha amka. Alikuwa kwenye kiti chake uani, na nywele zake, ambazo hapakuwa tena na mtu wa kuzikataza, zilikuwa zimeota nyeupe kichwa kizima. Lea alisimama mbele yake na ndoo kichwani, akingoja salamu yake ya kila siku. Haikuja. Evelina naye alikuwa amemkazia macho, amekunja mikono juu ya fimbo, anangoja, kwa upole, kama mtu mzima anavyomngoja mtoto akumbuke adabu.

"Shikamoo," Lea alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama," Lea alisema. Akatua ndoo, akachukua mkasi wa kupogolea, akaenda shambani.